Vifaranga Walioharibu Picha Zangu

Niliwaosha vifaranga wa mama kwa sabuni ya unga. Naanza na hilo kwa sababu mtaa mzima unalijua tayari, na kuna wanaosema niliwaosha kwa dawa ya choo, jambo ambalo si kweli. Ilikuwa sabuni ya unga, kijiko kimoja, na maji ya uvuguvugu niliyoyapima kwa kiwiko kama mtu anayeogesha mtoto mchanga. Nikawasuuza mara mbili. Nikawaanika juani juu ya gunia na kuwageuza wakauke pande zote. Kama kungekuwa na mtihani wa taifa wa kuosha vifaranga, mimi ningepata A.

Walikuwa kumi na mmoja, na kabla sijawaosha walikuwa wa zambarau.

Kwa asiyejua mambo yetu ya Unyambwa: kifaranga akishaanza kutembeatembea uani, mama anachemsha rangi ya kusukia mikeka, anaiacha ipoe, anamchovya mpaka shingoni. Akiota manyoya mapya anamrudia. Mwewe akipita juu anaona vitu vya zambarau vinakimbiakimbia chini, hajawahi kula kitu cha rangi hiyo, anaghairi na kwenda kwa jirani. Mimi nilikuwa nacheka. Niliwaita wanakwaya, maana walifanana kabisa na kina mama wa kanisani siku ya sare.

Mama hakuwa anacheka. Mwezi wa pili mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ulipita kwetu na kuondoka na kuku wake wote ndani ya wiki moja. Tuliwabeba kwa toroli mpaka nyuma ya choo, tukachimba shimo, tukazika, na mama mwenyewe akaliosha toroli. Alibaki koo mmoja tu, mweusi, mwenye miguu mirefu na roho mbaya. Huyo koo akaenda kutagia chini ya kitanda cha mama, akaatamia hukohuko, na mama akalala wiki tatu bila kujigeuza kwa nguvu. Walipototolewa kumi na mmoja, alikaa sakafuni akawaangalia kwa muda mrefu. Hao ndio walikuwa banda lake lote. Katika hao alikuwa anatafuta mitetea watakaotaga, waatamie, arudi pale alipokuwa. Nilikuwa najua hilo. Sitaki mtu aseme sikujua.

Sasa nieleze picha.

Mwalimu wetu wa baiolojia, ndiye pia mlezi wa klabu ya mazingira, alitupa kazi ya likizo ya mwezi wa sita. Kila mwanaklabu alete picha kumi za ndege wa porini wanaofika nyumbani kwao, na chini ya kila picha aandike siku, saa, na ndege alikuwa anafanya nini. Picha za mtandaoni hataki, alisema zote anazijua. Halafu akaniangalia mimi, darasa zima likiwepo, akasema, "Wewe najua utaniletea kuku."

Watu walicheka mpaka dawati la nyuma likaanguka. Mimi ndiye huwa nachekesha darasani, sijazoea kuwa upande ule mwingine. Nikaapa moyoni kwamba nitaleta ndege mpaka mwalimu aombe poo.

Simu ninayo, ya mjomba, aliniachia aliponunua nyingine. Kioo kimepasuka lakini kamera inaona vizuri kuliko mimi. Nikatega beseni la maji chini ya mpapai, karibu na jiko letu la nje. Kiangazi kikishaanza Singida ndege hawana maringo, penye maji watakuja. Nikajificha jikoni na kutoa simu kwenye tundu la ukutani ambapo moshi hutokea. Nilitoka humo nanuka kama samaki mkavu, lakini ndege walikuja.

Walikuja tetere, wanakunywa huku wameinamisha vichwa kama wazee wanaopokea sadaka. Walikuja cherero wawiliwawili, kijani mwili mzima na uso wa rangi ya chungwa, hawaachani hata kunywa, mmoja akiinua kichwa na mwenzie anainua. Hao niliwaita wachumba. Akaja kwezi mmoja anayeng'aa, anatembea kwa kujisikia huku akikagua kila kitu, huyo nikampa cheo cha mwalimu wa zamu. Nilikaa kwenye ule moshi siku nzima na sikuchoka. Sijui kama nimewahi kukaa kimya namna ile tangu nizaliwe. Mdogo wangu, wa darasa la tatu, alikuja kuchungulia kama nimeugua.

Tatizo lilikuwa moja. Katika kila picha kulikuwa na kitu cha zambarau.

Wachumba wawili ukingoni mwa beseni, mwanga mzuri, na katikati yao kifaranga wa zambarau amesimama kama mfungisha ndoa. Mwalimu wa zamu amegeuza shingo, amependeza, nyuma yake matako mawili ya zambarau. Nikajaribu kumfungia koo na wanawe bandani. Nikangoja asubuhi nzima, hakushuka hata ndege mmoja. Ndipo nikagundua: ndege wa porini huwa wanaangalia kwanza kuku. Wakiona kuku wanachakura kwa amani, wanajua chini hakuna adui, wanashuka. Bila kuku, uani kwetu ni mtego tu na wao wanajua.

Kwa hiyo kuku niliwahitaji wawepo, ila wasionekane. Jumatatu ile nilirusha picha moja kwenye grupu la darasa. Jibu la kwanza lilikuwa, "Mwalimu alisema utaleta kuku, hakusema umemtia wino." Jibu la pili lilikuwa picha ya mama mmoja wa kwaya.

Nikafikiri hivi: kifaranga wa rangi yake ya asili, kahawia na madoa, akiwa juu ya udongo wa kwetu, kwenye picha anakuwa udongo. Hata akisimama katikati hutamwona. Ni akili nzuri kabisa. Mpaka leo sioni kosa katika hiyo hesabu, isipokuwa kwamba nilisahau kuna mwingine anayewaangalia kutoka juu.

Mama alikuwa ameondoka alfajiri ya Jumatatu hiyohiyo kwenda Sepuka, kumsaidia bibi kupura alizeti, arudi Ijumaa. Baba yuko safari na lori, huwa anarudi anaporudi. Nyumba iliachiwa mimi. Maneno ya mama mlangoni yalikuwa manne: mdogo wako, maji, mlango, vifaranga. Na mchana nikaenda kuchukua sabuni.

Rangi haikutoka yote. Walibaki na kiwaridi chini ya mbawa, kama watu waliofuta lipustiki vibaya. Lakini ukiwatazama kwa mbali walikuwa udongo. Mdogo wangu alisimama na kidole mdomoni.

"Kaka, mama amesema wavue?"

"Nguo chafu huwa unasubiri mama aseme?"

Akafikiri. "Hapana."

"Haya."

Jumanne saa sita kasoro nilikuwa tunduni. Cherero walikuwa wamekunywa wakaondoka, tetere walikuwepo watatu, vifaranga wanachakura na kweli walikuwa hawaonekani, nilikuwa najipongeza. Ghafla tetere wakaruka wote. Kwenye kioo cha simu nikaona ndege mkubwa anashuka, mbawa amezifungua, mkia ameugeuza kama usukani, miguu ya njano imetangulia mbele. Nikasema kimoyomoyo, mwewe, picha ya kumi, anakuja kunywa maji. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Nilibonyeza mara tano, na nilikuwa na furaha kwa zote tano. Koo alipopiga ule ukelele wake, ndipo nikaona kwamba katika miguu ile ya njano kuna kitu kinalia.

Nilitoka jikoni mbio na simu mkononi. Nilifika kwenye beseni naye yuko juu ya bati la jirani, anapanda, hana hata haraka. Nikamrushia kandambili. Kandambili ikaanguka kwenye choo cha jirani, na huo ndio ulikuwa mchango wangu.

Jioni mama akapiga simu.

"Hamjambo?"

"Hatujambo mama, shikamoo. Bibi anaendeleaje?"

"Anaendelea. Vifaranga?"

"Wanakula."

"Wote?"

"Wanakula vizuri mama, mpaka wanagombana."

Mdogo wangu alikuwa mbele yangu ameinua vidole vyote kumi, ananionyesha. Nikamgeuzia mgongo.

Ukisikia watu wanasema mwewe ni mwizi, wanamkosea. Mwizi anaogopa. Jumatano asubuhi alikaa juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba yetu, wazi kabisa, anajichambua manyoya, ananiangalia. Nilikuwa na fimbo, na mawe mfukoni. Jiwe nikilirusha linaishia nusu ya njia. Nikapiga kelele, vifaranga wakatawanyika pande zote, mmoja akakimbilia uwazi kabisa, na mwewe akashuka kumchukua huyohuyo, kama vile nilikuwa nimemkabidhi.

"Kaka," akasema mdogo wangu, "ukipiga kelele wanakimbia wao. Yeye hakimbii."

Walibaki tisa. Nikajua dawa ni kurudisha zambarau. Nikaenda kwenye kopo la rangi la mama juu ya kabati, nikalifungua, ndani kuna kutu na harufu. Rangi ya mwisho alikuwa ameitumia Jumapili, kuwachovya, ili aondoke kwa amani. Nikamwachia mdogo wangu fimbo, nikapanda baiskeli mpaka Utemini. Maduka mawili hawana kabisa. La tatu alikuwepo mzee mmoja anasikiliza redio.

"Shikamoo mzee. Rangi ya mikeka ya zambarau ipo?"

"Marahaba. Ipo nyekundu. Unasuka?"

"Hapana, ya kupaka vifaranga."

Akapunguza redio. "Mama yako yuko wapi?"

"Sepuka."

"Nilijua tu hayupo." Akanipa nyekundu.

Nilirudi nikamkuta mdogo wangu amekaa juu ya kizingiti, fimbo imelala pembeni. Hakuwa analia, alikuwa ameshamaliza kulia. Akanionyesha vidole saba.

Nikachemsha. Nikapoza. Nikawachovya wote saba mpaka shingoni, kwa uangalifu, hakuna aliyeingia rangi machoni. Halafu, kwa sababu sasa nilikuwa nimepata akili, nikachukua tenga kubwa, nikawafunika wote na mama yao, nikaweka jiwe juu. Mwewe akapita mara mbili akaenda zake. Nilimpungia mkono. Jioni mama alipouliza nikamwambia wako ndani ya tenga, akasema, "Safi, upepo ni mkali." Ndiyo mara pekee wiki hiyo nilipomwambia ukweli mtupu.

Asubuhi ya Alhamisi niliamshwa na kelele kutoka kwenye tenga. Nikadhani nyoka. Nikanyanyua. Koo alikuwa anawadonoa wanawe. Hakuwa anawafukuza kama kuku anavyofanya akichoka na watoto, alikuwa anawadonoa mgongoni na shingoni, anachomoa manyoya. Mmoja alikuwa ameshakufa, amelala ubavu na macho yamefumba. Nilimtoa koo kwa mikono, akanichana.

Bibi wa jirani, yule ambaye chooni kwake kuna kandambili yangu, alisikia akaja ameshika kanga kifuani. Nikamwamkia. Akainama kuwaangalia vifaranga.

"Nani amewapaka nyekundu?"

"Mimi bibi."

"Kwani mama yako huwa anapaka nyekundu?"

"Hapana. Zambarau haikuwepo."

"Kuku akiona nyekundu anaona kidonda. Akiona kidonda anadonoa. Akidonoa inatoka damu, anaona kidonda kingine." Alisema taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya zahanati. "Na wewe umewafungia humo humo usiku kucha."

"Nifanyeje bibi?"

Akawaangalia tena. Nilikuwa nangoja aseme jambo. Huyu bibi ana dawa ya kila kitu, mtaani kwetu hata pikipiki ikigoma huwa wanamwita.

"Sijui, mjukuu wangu," akasema.

Nikawaosha tena. Sikuwa na lingine. Maji ya uvuguvugu, kiwiko, kila kitu kama mwanzo, ila safari hii sikuwa nafanya mzaha. Jua nalo halikutoka. Kulikuwa na lile wingu la kijivu la mwezi wa sita na upepo unaopita mpaka ndani ya sweta. Niliwafuta kwa shati langu la shule. Niliwaweka kwenye boksi la biskuti pamoja na chupa ya maji ya moto niliyoizungushia soksi, nikawa naibadilisha kila ikipoa. Wanne walitulia, wakaanza kudonoa chenga. Wawili walibaki wamejikunja wenyewe kwa wenyewe. Niliwashika mkononi, mmoja kila mkono, nikawa nawapulizia pumzi kama mtu anayewasha moto. Ni wepesi sana. Sikuwa nimewahi kumshika kifaranga bila kumfanyia utani. Yule wa mkono wa kushoto alifungua mdomo mara mbili, kama anataka kusema, akaacha. Yule wa kulia nikaendelea kumpulizia muda mrefu, mpaka mdogo wangu akasema, "Kaka, huyo ameshakufa tangu zamani, nilikuwa naogopa kukwambia."

Niliwazika wote watatu nyuma ya choo, pale pale pa mwezi wa pili. Udongo bado ni laini.

Siku hiyo nzima cherero walikuja kunywa, na tetere, na mwalimu wa zamu. Beseni lilikuwa limejaa ndege kuliko siku zote, jua lilipochungulia kidogo mchana lilikuwa zuri, na hapakuwa na kitu cha zambarau popote. Simu ilikuwa mezani. Niliwaangalia kupitia mlangoni, nikawa nashangaa kwamba wao hawajui chochote.

Ijumaa mama alifika saa kumi na gari la minada, vumbi mpaka kwenye kope, na mfuko kichwani. Tulikwenda kumpokea. Mfuko ulikuwa mzito. "Mashudu ya alizeti," akasema, "bibi amewapa wajukuu zake wa bandani." Alikuwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi ngumu ikaisha. Nikasema nibebe, akanipa, na njia nzima kutoka barabarani mpaka nyumbani nilikuwa nimebeba chakula cha vifaranga kumi na mmoja nikitafuta sentensi ya kwanza.

Sikuipata. Mdogo wangu ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya mtu anayenitetea: "Mama, kaka amempiga picha mwewe."

Mama alisimama pale uani. Akaangalia tenga, akaangalia boksi la biskuti, akainama akaona wanne, wenye rangi isiyo na jina, manyoya yamechomoka migongoni. Nikaanza kueleza. Nilianza na mwalimu wa baiolojia, nikaruka kwenye sabuni, nikarudi kwenye ndege wanavyoangalia kuku kwanza, nikamwambia habari za nyekundu. Nilisikia ninavyoongea na nilikuwa najichukia. Mara moja akaongea jambo fupi kwa Kinyaturu, si kwangu, kwa yule koo. Halafu akanyoosha mkono.

"Hebu hiyo picha."

Nikamfungulia. Ni picha nzuri, sitadanganya. Kila unyoya wa mwewe unaonekana, na jicho lake, na kucha, na kifaranga amefungua mdomo. Hata kioo kilichopasuka hakikuiharibu. Mama aliiangalia kwa karibu, akaikuza kwa vidole viwili, kama anavyofanya na picha za harusi kutafuta watu anaowafahamu. Nilingoja kofi. Kweli nililitaka, ningejua pa kuweka mikono. Akanirudishia simu.

Akachuchumaa kwenye boksi. Akawatoa mmoja mmoja, akimgeuza kila mmoja, anamwangalia miguu, anapitisha kidole juu ya kichwa, anafungua mkia kidogo. Wa kwanza akamrudisha. Wa pili akamrudisha. Wa tatu alikaa naye zaidi, akampeleka kwenye mwanga, akamrudisha. Wa nne alikuwa mdogo kuliko wenzake, ana kidonda begani. Alimgeuza mara tatu. Kisha akasimama, magoti yakalia, akanishika viganja vyangu vyote viwili, akavikutanisha, akamweka yule kifaranga katikati. Simu ilibidi niiachie, ikaanguka kwenye vumbi, hakuna aliyeiokota.

"Wale watatu majogoo," akasema. "Huyu ndiye mtetea. Mshike hivyohivyo apate joto, mimi nakwenda kuwasha moto. Usimweke chini."